Homa za Tororo Nazo Zihesabiwe

Nafula mwanangu,

Nimekasirika, na nimeona niandike kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaishia kukuandikia habari za sweta na blanketi. Hayo baba yako anayashughulikia. Tangu asubuhi anafunga begi lako kwa kamba, analifungua, analifunga upya, utadhani huko Eldoret wanakagua mafundo. Wewe umekwenda kusukwa nywele na kumuaga nyanya yako kule Masinya, nyumba imenyamaza, nami nimekaa mezani jikoni na kalamu ya kazini. Kesho unaondoka. Barua hii utaikuta katikati ya taulo. Isome ukishafika. Ukiisoma njiani utanipigia simu tugombane, na mtandao wa hapo katikati unakatika, kila mmoja atadhani mwenzake amemkatia kwa makusudi.

Unajua kilichonikasirisha. Jumapili, ugali ukiwa bado unatoa moshi, nilikueleza kwamba ripoti ya kliniki yetu imerudishwa tena kutoka ofisi kuu, na kwamba wanataka niondoe homa za wagonjwa waliotibiwa upande wa Uganda. Nilikueleza kama mama anavyomweleza binti yake aliyekua. Sikukuomba ushauri. Wewe ukamega tonge, ukalichovya kwenye mchuzi, ukasema bila hata kuniangalia: "Mama, si uziache tu hizo za Uganda. Kila kliniki inafanya hivyo. Hata huko ofisini wanajua."

Baba yako akakohoa, akaomba chumvi. Mimi nikamsogezea chumvi yake.

Kuanzia Jumatatu, Nafula, huko ofisini ni wewe. Wamekuajiri ukae kwenye meza ambayo ripoti za ubora kutoka kliniki zote za kampuni zinaishia, na yetu ya hapa Busia ni mojawapo. Sikukutafutia kazi hiyo. Nikimsikia mtu anasema nilikutafutia, nitamfuata hadi kwake. Ulituma maombi mwenyewe, ukaenda kwenye usaili na viatu vya kuazima, ukarudi umepata. Nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Sasa mtoto wangu ndiye atakayekuwa akinirudishia ripoti, na kabla hata hajakaa kwenye kiti chake ameshajua kuongea kama wao. Hilo ndilo lililonikasirisha Jumapili. Ugali wenyewe sikuumaliza.

Kazi yangu umeiona tangu ukiwa mdogo. Watu ambao figo zao zimegoma wanakuja mara mbili kwa wiki, tunawaunganisha na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi mwilini, wanakwenda nyumbani. Wengi ni wa huku kwetu Uganda, wanavuka mpaka alfajiri kama ninavyovuka mimi, kwa sababu kwao kliniki hii ya upande wa Kenya ndiyo iliyo karibu. Usiyoyajua vizuri ni mambo ya ubao. Ulikuwa chuoni, ukasikia nusu tu, na nusu yenyewe ulisikia kwa baba yako, ambaye kila habari anaifanya iwe na mwisho mzuri.

Kampuni ilituletea ubao mweupe wa kutundika pale wagonjwa wanaposubiri. Juu yake pameandikwa kwa rangi ya buluu, Maambukizi Mwezi Huu, na chini nafasi ya kuandika idadi. Wengi wa wagonjwa wetu wana mpira uliopitishwa kwenye mshipa wa shingo, ncha zake zinatokea kifuani chini ya plasta. Uchafu ukiingia pale unaingia moja kwa moja kwenye damu, na mtu anaanza kutetemeka kwa baridi huku jua linawaka. Kwa hiyo idadi ile ina maana kubwa. Sisi tuliandika sufuri. Mwezi uliofuata, sufuri. Uliofuata tena, sufuri. Wakaanza kutusifu kwenye simu za kila mwezi, eti Busia waje wafundishe wenzao.

Halafu wakaleta keki. Keki yenyewe ilikuwa na sufuri kubwa ya krimu juu yake, Mungu anisamehe, niliiona nzuri. Tulimwita Athieno aikate kwa sababu ndiye mgonjwa aliyetangulia wote pale kwetu. Unamkumbuka Athieno, yule mama wa kutoka Mulanda anayeuza ulezi, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka barabara. Kila mgonjwa akapata kipande kidogo, na soda tukawapimia kiasi cha kulowesha ulimi, maana maji kwao ni ya kupimwa. Waligonganisha vikombe na kucheka. Mimi nilisimama mbele ya ubao nikapigwa picha. Ile picha unayoipenda, iliyo sebuleni, ndiyo hiyo. Nimewahi kuiondoa ukutani, baba yako akairudisha.

Baada ya hapo nilikwenda Tororo, huku kwetu, kumjulia hali shemeji yangu aliyevunjika mguu. Hospitalini nikapotea njia kidogo, nikajikuta wodi ya wanawake, na sauti ikaniita kutoka kona ya dirishani, ile ya kuvuka barabara.

"Sista! Wewe nakuja kutuona? Nani alikwambia sisi iko hapa?"

Alikuwa Athieno, na sindano ya maji mkononi, midomo imekauka. Plasta iliyokuwa kifuani kwake ilikuwa plasta yangu. Naijua ninavyoikunja kona zake. Kwenye kitanda cha pili alikuwa mgonjwa wangu mwingine, mama wa kutoka Kisoko, amelala na blanketi hadi puani. Wote wawili wamelazwa kwa homa ya mpira. Wakafurahi kuniona kana kwamba nimewaletea zawadi. Athieno akaanza kuwatambulisha majirani wa kitanda: huyu ndiye Sista wetu, kliniki yake ni ya kwanza Kenya nzima.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwona wiki hiyohiyo, nilimuuliza uko sawa, akasema niko sawa.

"Sista, ile ubao yako inasema hakuna mtu mgonjwa," akasema, ananifafanulia taratibu, kwa upole. "Sasa sisi tukisema, si tunaharibu? Tukasema wacha hii homa tuilete hospitali ya huku kwetu. Kule kwako ibaki safi."

"Nyinyi nani?"

"Sisi wote wa upande huu. Tulikaa tukaongea. Wewe umeteseka na sisi sana."

Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja. Wagonjwa wangu walikuwa wamefanya kikao, Nafula. Walikaa pale kwenye mabenchi yangu, chini ya ubao wangu, wakakubaliana kuugua kimyakimya upande wa pili wa mpaka ili sufuri yangu isiguswe. Kwa heshima. Kwa kunipenda. Athieno alikuwa ameikata ile keki na homa mwilini. Alinieleza mwenyewe, akicheka, kwamba mkono ulikuwa unatetemeka hadi akaogopa ataikata vibaya.

Nilikaa pembeni mwa kitanda chake hadi saa ya kuona wagonjwa ikakaribia kuisha. Shemeji yangu nilimsalimia haraka haraka, hadi leo anasema nilimpuuza.

Ninyi mliosoma takwimu mnajifunza kwamba idadi inaharibika kwa sababu muuguzi ni mvivu au mwongo. Nimeona hata kwenye zile picha za mafunzo, kuna katuni ya muuguzi amelala juu ya fomu. Hapa hapakuwa na mvivu. Nilijaza kila fomu kwa wakati. Nilichokiandika ndicho nilichoambiwa. Mgonjwa akipata homa akiwa kwangu naandika. Akipata akiwa kwake namwambia akimbilie hospitali iliyo karibu, na huo ni ushauri mzuri, mpaka leo nautoa. Ila hakuna aliyeniambia nimuulize anaporudi, nami sikujiambia. Mpaka upo barabarani pale, malori yamepanga foleni, kila mtu anauona. Sikujua kwamba umepita pia katikati ya kitabu changu cha homa.

Na lile swali langu, uko sawa, silipendi tena. Unakumbuka ulivyokuwa darasa la sita, siku ya kwenda mashindano ya ngonjera? Ulikuwa na homa tangu alfajiri. Ulikwenda bombani ukalowesha kichwa ili nikigusa nisikie baridi. Nami nilikuwa navaa viatu, nimechelewa kazini, nikauliza uko sawa, huku nikitafuta funguo. Ukasema niko sawa, Mama. Ulianguka jukwaani kwenye ubeti wa pili, na mwalimu alinipigia simu nikiwa nampima mtu mwingine joto. Nilikukaripia kwa kunidanganya. Leo nakwambia hukunidanganya sana. Nilikuuliza swali lenye jibu ndani yake, ukanipa jibu lilelile nililolileta.

Kwa hiyo nilipotoka Tororo nilibadilisha swali. Sikuuliza tena kama wako sawa. Nikaanza kuuliza: tangu tuonane, ni nani mwingine amekuchoma sindano? Nauliza nimekaa, kalamu iko mfukoni, kana kwamba nina wivu na huyo mchomaji. Wanacheka, halafu wanasema. Mwanzoni walisita, kwa sababu walishanizoea na kunionea huruma. Ndiyo maana nilikuita. Ulikuwa likizo, nikakuomba uje ukae nao uwaulize, kwa kuwa wewe hawakuwa na sababu ya kukuonea huruma.

Hii sehemu unaijua, lakini nataka uisome kwa mwandiko wangu, kwa sababu Jumapili nilipata wasiwasi kwamba umeisahau.

Ulikaa zamu nzima kwenye kiti cha plastiki, na daftari lako la chuo. Jioni, tunavuka kurudi nyumbani, ukaniuliza: "Mama, ile katoni ni ya nini?"

Nikasema katoni gani.

"Ile mnayopepea nayo."

Nafula, nilisimama katikati ya barabara hadi mwenye boda akanitukana. Nilikuwa nimeishi na ile katoni siku zote bila kuiona. Dawa ya iodini tunayopaka kwenye mdomo wa mpira inatakiwa ikauke yenyewe ndipo ufungue. Inachukua muda. Na wagonjwa wa Mulanda wana gari lao moja, na dereva wao hasubiri mtu, kwa hiyo mashine ikimaliza tu wanaanza: Sista, fungua sasa, gari inaniacha, usiku ikinikuta njiani nitalala wapi. Sisi nasi tunawahurumia. Tukakata upande wa katoni ya glavu, tukawa tunapepea kifua cha mtu kama jiko la mkaa. Katoni ileile, mgonjwa kwa mgonjwa, halafu inarudi kulala juu ya kabati na vumbi lake. Nani aliianzisha? Mimi. Nani aliwafundisha wauguzi wapya? Mimi, tena kwa madaha, eti huu ni ujanja wa mpakani.

Na fomu ya kampuni ilikuwa na swali kuhusu hilo. Iliuliza: dawa ilikauka kabla ya kufungua? Tukaweka tiki. Ilikuwa imekauka. Hatukudanganya hata tiki moja.

Katoni tuliitupa siku iliyofuata. Athieno alipotoka hospitali alikwenda mwenyewe kuongea na dereva wa Mulanda, na sijui alimwambia nini, lakini siku hizi anasubiri. Ananuna, anapiga honi, lakini anasubiri. Homa zikapungua. Hazikuisha, kwa sababu mpira ni mpira na wengine wanaoga kwa maji ya kisima, lakini zilipungua, na wodini Tororo nikipita sasa nakuta watu wa kliniki nyingine.

Sasa angalia mambo yalivyo duniani. Tulipokuwa tunawapepea vumbi kifuani, tulikuwa sufuri na tukala keki. Tulipoacha kupepea na kuanza kuuliza, idadi yetu ikapanda, kwa sababu tunaandika kila homa, ya hapa na ya ng'ambo. Kwenye jedwali la kampuni tumekuwa wa mwisho. Mstari wetu wameupaka rangi nyekundu. Kliniki nyingine zote ni kijani na sufuri, sufuri, sufuri, na mimi zile sufuri siziamini, maana najua yetu ilivyopatikana.

Meneja wa ubora alinipigia. Mtu mzuri tu, ana adabu, anakohoa kabla ya kusema jambo baya. Akasema, "Sista, sisi tunaripoti kilichotokea ndani ya kliniki zetu. Cha Tororo ni cha Tororo." Nikamuuliza, mpira tunaufungua sisi, tunaufunga sisi, hao wa Tororo uchafu wameingizia wapi? Akakohoa. Akasema anaelewa, lakini zile mashine mbili mpya tulizoahidiwa zinakwenda kwa kliniki zenye matokeo mazuri, na kwamba mwezi huu wanaamua. Basi nikaelewa kukohoa kwake.

Wewe nawe uliishika hoja hiyohiyo Jumapili, ulipoona sijajibu. Ukasema: "Mama, kuna watu wa Kisoko wanangoja nafasi. Ukiandika sufuri, mashine zinakuja, wanapata kitanda. Ukiandika hizo zingine, wanangoja. Sasa unamsaidia nani?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu lina akili. Wale wanaongoja ninawajua kwa majina. Mmoja alikuja juzi miguu imevimba hadi amevaa kandambili za mumewe, na nilimwambia avumilie, neno ambalo sipendi kumwambia mtu asiyekojoa. Nimelifikiria swali lako nikipika, nikifua, nikiwa kwenye foleni pale mpakani. Ninachojua ni kwamba tungepewa zile mashine wakati wa katoni, tungepata watu zaidi wa kupepea. Tungewaunganisha hao wa Kisoko kwa furaha, na baadaye wangekwenda kulala Tororo na plasta zangu kifuani, na mimi ningepigwa picha nyingine. Labda mashine zitakwenda kwingine na mtu atakufa akingoja, nami nitakuwa nimeshika ripoti yangu ya kweli. Nalijua hilo. Usidhani silijui. Lakini kama kampuni inataka kunyima watu mashine, inyime kwa jina lake. Isinipe mimi kalamu.

Sasa nisikilize, na usikunje hicho kipaji cha uso.

Sikwambii uifanyie ripoti yangu upendeleo. Ukiifanyia nitajua, na nitakuja Eldoret na gauni la kazini mpaka kwenye meza yako. Ripoti yangu ya mwezi huu nimeshaiandika. Homa za Tororo zimo, nimeziandikia safu yake peke yake, na chini nimeeleza kwa maneno tunavyowauliza wagonjwa. Meneja atakapokwambia uisafishe, utafanya unachofanya. Mimi mama yako sitakuwepo kukukoholea.

Ninachokuomba ni kidogo, na ni cha kazi. Kwenye fomu yenu mnauliza ni wangapi waliambukizwa. Weka swali moja kabla ya hilo: je, mgonjwa aliulizwa kama ametibiwa kwingine? Basi. Anayeuliza na asiyeuliza wasiwekwe kwenye jedwali moja, mmoja akapakwa nyekundu na mwingine akala keki. Wakikukatalia, uliza tena mwezi unaofuata. Wewe ukitaka kitu unajua kung'ang'ania, nilikunyonyesha nikakuachisha kwa vita.

Na ukiona sufuri, usimpigie mtu makofi. Mpigie simu. Muulize nani anachelewa gari, nani anaoga kisimani, wagonjwa wake wanaishi upande gani wa nini. Kila kliniki ina mpaka wake hata kama hauna malori. Muulize bila kumtafuta makosa, kwa sababu mtu anayejaza fomu anajua unachotaka kusikia kabla hujafungua mdomo, kama ulivyojua wewe na kichwa chako kilicholowa.

Halafu, nakuomba sana, usiwe kama yule aliyekaa meza hiyo kabla yako. Alinipigia nimeshika mguu wa mzee aliyebanwa na misuli, mzee analia, mashine inalia, naye anataka kujua kwa nini kisanduku cha uzito cha Jumanne kiko wazi. Nikamwambia ngoja. Akasema mfumo unafungwa saa sita. Nikamwambia basi ufungwe, na nikakata. Kilikuwa wazi kwa sababu mzee mwenyewe hakuweza kusimama kwenye mizani. Nikakijaza baadaye kwa kukisia, na hicho nacho kimo kwenye ripoti zenu mpaka leo, kinapendeza kabisa. Kwa hiyo ukipiga, uliza kwanza kama kuna mgonjwa mkononi. Na msibadilishe fomu kila mara. Tunajifunza moja, mnaleta nyingine yenye safu zilezile zimehamishwa viti, halafu mnashangaa kwa nini uzito wa mtu umeandikwa mahali pa umri. Kuna mwezi nilikuwa na mgonjwa wa kilo sabini na miaka arobaini na nane akageuka kikongwe, na hakuna mtu ofisini aliyeuliza.

Ninalalamika sana, najua. Baba yako amepita hapa akachungulia, akasema, "Mwandikie kwamba tunampenda." Nikamwambia hiyo si atamwambia yeye kesho, mbona kila kitu niandike mimi. Akaenda kufungua begi tena.

Tunakupenda. Nimeandika.

Nitakwambia pia kilichonitisha Jumapili, zaidi ya maneno yenyewe. Uliyasema kirahisi. Yule msichana wa daftari aliyekaa zamu nzima kwenye kiti cha plastiki asingeyasema. Yeye hakujua lugha ya ofisi, hakujua nani anajua nini, aliona watu wazima wanapepea kifua cha mtu akauliza kwa nini. Huyo ndiye ninayemtuma Eldoret kesho. Huyo mwingine aliyekuwa anachovya ugali simjui, na sijamfungia chakula cha njiani.

Jana, zamu ya mwisho, nilimwambia Athieno kwamba unaondoka na kazi utakayofanya. Alifurahi sana hadi nikamwambia atulie, mashine itapiga kelele. Amekutumia odii, kopo zima la karanga na simsim alizosaga mwenyewe, yeye ambaye haruhusiwi kula zaidi ya kijiko. Liko chini ya sweta ya kijani, limefungwa karatasi mbili, usiligeuze juu chini.

Tulipomaliza nikampaka dawa, tukakaa tunangoja ikauke. Gari la Mulanda lilikuwa linapiga honi huko nje. Nilimuuliza swali langu la sindano, akasema hakuna aliyemchoma, amekuwa mwaminifu. Halafu akaninong'oneza, wenzake wasisikie:

"Sista, mtoto yetu sasa ndiye nahesabu hizi homa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nikipata homa hii mwezi, mimi nasema, ama nanyamaza kwanza mpaka azoee kazi?"

Aliniuliza akinitazama usoni, kwa moyo mweupe kabisa, tayari kulala Tororo na kutetemeka kwa ajili yako, kama alivyotetemeka kwa ajili yangu na kisu cha keki mkononi. Nimekasirika hadi sasa hivi ninapoandika, na sijui namkasirikia nani.

Nilimwambia aseme. Nilimwambia mwanangu atataka kujua.

Mama yako